Njia ya kwa jirani isiote majani

Mazungumzo ya komite mbele ya mkutano mkubwa wa wanachama, Baraka, mwanzo wa mvua



Tunakutana mvua ya kwanza ikiwa imeshaanguka. Tunaona wengine mumekuja na jembe, juu ya kutoka hapa mutapitia shambani mbele ya jua kuzama. Hatutawakawiza. Tuna mambo matatu: maisha ya nyumbani katika miezi hii, safari za kutafuta kazi, na kutembeleana. Tuliandika mambo hayo mbalimbali, lakini tulipoketi kuyapanga tuliona ni jambo moja.

Wote munaijua miezi hii, tangu Septemba mpaka Desemba. Wafadhili wetu wengine wanaishi inchi ambako miezi hiyo majani yanaanguka na watu wanaanza kufunga madirisha. Huku kwetu ni kinyume. Ndiyo miezi ya kufungua kila kitu: udongo unafunguliwa, masomo yanafunguliwa, na mfuko wa baba nao unafunguliwa, hata kama hauna kitu. Kiangazi kimeisha, sezoni A imefika. Lazima mbegu za maharagi na mahindi ziingie mapema, juu ya ukichelewa mvua haikungojei. Mihogo ya mwaka jana wengine wameimaliza, mingine imekamatwa na mozaiki. Na katika wiki zile zile mtoto anarudi kutoka masomo na karatasi mkononi.

Tunashukuru kwamba tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure. Hilo limesaidia nyumba nyingi. Lakini mwenye mtoto wa sekondari anajua minervali iko palepale, na hata wa msingi anataka daftari, kalamu, na shati jeupe. Mwenye watoto watano anapiga hesabu usiku, asubuhi anaipiga tena, na jibu halibadiliki.

Ndipo safari zinaanza. Mavuno yako mbali, na pesa inatakiwa leo. Baba anamaliza kupanda, anafunga kifuko, anaenda. Wengine wanashuka ziwani kutumika kwa wenye mitego, wakiwasha taa usiku kuita ndagala. Mwezi ukiwa mkubwa hawavui, basi wanangoja ufukoni bila mshahara, na chakula cha kungojea wanakikopa. Wengine wanapanda lori kwenda Misisi, ku migodi ya dhahabu. Wengine wanafika Kalemie au Uvira, kubeba mizigo ao kujenga.

Hatusemi watu wasiende. Sisi wenyewe tuko hapa juu ya wazee wetu waliokubali kwenda mbali. Lakini tuseme ukweli juu ya mugodi. Anayeenda kwa wiki tatu anabaki miezi mitatu. Anafika bila kitu, anakula kwa deni, anaingia katika shimo la mtu mwingine ambaye wanamuita PDG, na kile kinachotoka kinagawanywa kwanza kwa wakubwa. Mvua inanyesha, shimo linajaa maji, wanangoja. Njia inaharibika, lori zinakwama katika matope. Simu inazima. Na mtu mzima, baba wa watoto, anaona haya kurudi mikono mitupu. Hapo ndipo miezi mitatu inakuwa mitano. Anapenda nyumba yake, lakini haya inamfunga kule.

Sasa tuje kwa jambo lililotufanya tuandike mazungumzo haya. Wengi wenu munalijua, wengine mulilisikia nusu. Mwenye nyumba ametupa ruhusa kulisema, na bibi yake vilevile, mradi tusitaje majina. Tutalisema lote, hata pale linapotuuma sisi wa komite.

Mwaka jana mwezi wa kumi, mwanachama wetu mmoja alienda Misisi kutafuta minervali. Aliacha bibi yake na watoto wane, na bibi alikuwa na mimba kubwa. Alimuachia debe la unga na faranga kidogo, akasema atarudi mbele ya mwezi kuisha. Hakumwambia mtu mwingine kama anaondoka. Hatumlaumu, juu ya wakati ule hakuna kanuni yetu iliyomwomba aseme.

Mama huyo alikuwa mwanachama mwaminifu. Mchango wake haukukosekana. Mkutano wa kwanza hakuja. Tukaandika katika kaye: hayuko. Mkutano wa pili hakuja. Tukaandika: hayuko, amendi faranga 500. Mkutano wa tatu vilevile: hayuko, amendi faranga 500. Kaye ile tunayo hapa mezani, mwandiko ni mzuri, hesabu ni safi. Hakuna aliyeinua kichwa kutoka ku kaye na kuuliza: lakini huyu mama ako wapi? Nyumba yake na pahali petu pa mkutano, ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Aliyemkuta hakuwa mmoja wetu. Alikuwa mgeni. Alitoka kambi ya Nyarugusu, ng'ambo ya ziwa. Walikuwa majirani kambini miaka mingi, yeye na mama huyu, ukuta kwa ukuta. Alivuka ili aone shamba la baba yake, na aamue kama atarudi na watoto wake ao atabaki. Upepo wa kiangazi ulikuwa umepungua, mtumbwi wa injini ukapita vizuri. Alishuka Baraka akauliza rafiki yake anakaa wapi, akaja na kifuko chake begani, akapiga hodi. Mtoto ndiye aliyefungua.

Alikuta watoto wanachemsha maembe mabichi. Mama alikuwa amelala, mwili unawaka, hawezi kusimama. Malaria ilikuwa imemkamata tangu siku nyingi. Mtoto mkubwa, msichana wa miaka kumi na moja, alikuwa ameacha masomo ili achote maji na kulinda wadogo. Mgeni hakukaa. Alitoka njiani, akasimamisha motari, akampandisha mama katikati, yeye akakaa nyuma akimshika, wakaenda ku hospitali. Pesa ya motari alilipa yeye, kutoka pesa yake ya kurudia.

Mama alipona. Mtoto aliyekuwa tumboni alizaliwa usiku ule, mbele ya wakati wake. Aliishi siku mbili. Tulimzika Jumamosi, na mvua ilinyesha. Baba yake alipata habari siku tisa nyuma ya maziko.

Wandugu, pale ku kilio tulikuja wote. Sanduku jekundu lilitoa pesa ya sanda na chakula, tena bila kuchelewa. Wamama walipika, vijana walichimba, wazee waliongea vizuri. Na yule mgeni alitutazama. Siku ya tatu, tulipokuwa tunagawana uji, aliuliza, si kwa hasira:

«Kumbe muko wengi hivi? Mulikuwa wapi?»

Hakuna aliyejibu. Akaongeza:

«Kule kambini tulikuwa tunalia juu ya kurudi kwetu. Kwetu ndiyo huku? Njia ya kwa jirani imeota majani.»

Mmoja wetu alimuuliza mama mgonjwa, alipopata nguvu kidogo: «Mama, sisi tuko karibu tu. Juu ya nini hukutuma mtoto?» Akajibu: «Ningemutuma kwa nani? Kila mutu ako na yake. Na amendi ilikuwa imeshapanda, niliogopa mutaniuliza pesa.»

Maneno hayo mawili ndiyo komite imekaa nayo mwaka muzima.

Tulijiuliza: imekuwaje? Sisi ni watu tuliokimbia pamoja mwaka 1996. Tulilala chini ya plastiki moja. Kule Lugufu na Nyarugusu mtu hakuweza kuugua siku mbili bila kujulikana. Nyumba zilibanana, chakula kiligawanywa siku moja kwa wote, ungekosekana ku mstari watu wangeuliza. Hatukuwa watu wema kuliko leo. Kambi ndiyo ilitubana mpaka tukaonana. Halafu kuanzia 2005 meli zikaanza kuturudisha kutoka Kigoma, kila mmoja akapewa mafungu yake, na kila mmoja akaenda kutafuta shamba la baba yake. Moja iko mlimani, nyingine iko kando ya ziwa, nyingine imekaliwa na mtu mwingine na inatakiwa kesi. Tulikuwa na haki kutawanyika, shamba ndilo tulilorudia. Lakini ujirani wa kambini ulibaki kule kule. Tulidhani tumeubeba katika mizigo. Hatukuubeba.

Tukaunda shirika hili ili turudishe ujirani huo, na hapa ndipo kosa letu. Tuliunda masanduku vizuri kuliko tulivyounda macho. Kwa wafadhili ambao ni wapya, tueleze kidogo. Sisi tunafanya kama muso nyingine za Kivu. Sanduku la kijani ni la mikopo: mwanachama anaweka, anakopa, anarudisha na faida kidogo. Sanduku jekundu ni la shida: ugonjwa, kifo, nyumba kuungua ao kuchukuliwa na maji, sawa tulivyoona ziwa lilipopanda. Pesa yake hairudishwi. Sanduku la buluu ndilo linapokea mchango unaotoka nje, yaani wenu. Kila sanduku lina kufuli yake, na mwenye kufuli si mwenye sanduku. Hesabu zetu hazijawahi kupotea, na tunajivunia. Lakini sanduku jekundu lilikuwa linangoja mtu aje kupiga hodi. Mgonjwa ndiye aliyetakiwa kutufuata. Kwa hiyo lilisaidia sana wafu, kuliko wagonjwa.

Hivi ndivyo tulivyofanya tangu pale.

Kwanza, tulirudisha amendi. Faranga 1000 zile tulizipeleka mkononi mwa mama, komite yote, tukaomba msamaha. Alizipokea. Hakusema kitu, na hatukumwomba aseme.

Pili, tulibadili kanuni. Mwanachama akikosa mkutano mmoja bila habari, watu wawili wanaenda nyumbani kwake mbele ya siku tatu kupita. Amendi haiwezi kuandikwa mpaka wawili hao wamerudi na kusema wamemkuta mzima. Kesiye wetu aliogopa kwamba watu watazoea kukosa. Ni kinyume: anayejua atatembelewa anapendelea kuja mwenyewe.

Tatu, anayesafiri anaaga. Tunamuuliza mambo mane tu: unaenda wapi, unaenda na nani, simu ya mwenzako ni ipi, na ni nani wawili watakuwa macho ya nyumba yako. Hatumuulizi atapata ngapi. Hiyo ni siri yake.

Ine, sanduku jekundu sasa linaweza kulipa motari wa mgonjwa usiku ule ule, kwa neno la watu wawili, karatasi zinafuata asubuhi. Na linaweza kutuma nauli ya kumrudisha aliyekwama ku mugodi. Hapa palikuwa na ubishi mkubwa. Wengine walisema: tutalipia walevi na wazembe. Tukakubaliana nauli inalipwa mara moja kwa mwaka kwa nyumba moja, na nyumbani kukiwa na shida inayoonekana. Mpaka leo tumerudisha watu watatu. Mmoja alituambia alikuwa na nauli nusu tangu mwezi mzima, alichokosa ni mtu wa kumwambia: rudi hivyo hivyo, hakuna atakayekucheka.

Tano, ziara. Kila Jumapili mchana, tangu Septemba mpaka Desemba, wawili wawili tunapita kwa wale ambao mwenye nyumba hayuko. Na hapa tuwaambie pia vile tulivyokosea, ili wenzetu wa mashirika mengine wasirudie.

Wiki za kwanza, wenye nyumba walitupikia. Munajua desturi: mgeni haondoki na tumbo tupu. Mama mmoja alikopa kuku. Tulikuja kumsaidia, tukamuachia deni! Tulipojua tuliona haya kabisa. Tangu siku ile tuliweka kanuni: mwenye kutembea anakunywa maji tu, na akiweza anakuja na kitu kidogo, hata fungu la sombe ao chumvi. Wazee walisema huko ni kuvunja desturi. Tukawajibu kwamba desturi ilikuwa ya mgeni, na jirani si mgeni.

Halafu baba mmoja alipiga simu kutoka Kalemie, na hasira: «Munapeleleza bibi yangu? Nani amewatuma?» Alikuwa na sababu, tulikuwa tumetuma wanaume wawili. Sasa kila ziara lazima iwe na mama ndani yake, inafanyika mchana, na mlango unabaki wazi. Na msafiri mwenyewe ndiye anachagua macho ya nyumba yake. Baba yule amechagua shemeji yake na jirani mmoja mzee, na mambo yametulia.

Tatizo lingine bado hatujalimaliza. Wanaotembea ndio wale wale, hasa wamama, ambao nao wana shamba na watoto. Mwezi wa kumi na moja palizi ilipofika, ziara zikapungua. Tumejaribu kuunganisha na likilimba: siku watu wanalima pamoja shamba la mmoja, tunaanza na la nyumba ambayo baba hayuko. Hivyo mtu analima na kutembelea kwa mwendo mmoja. Vikundi viwili vimefanya hivyo na vimeendelea. Vingine vimelala. Tunaomba leo kila kikundi kituambie kitafanya nini, bila aibu.

Sasa neno kwa wafadhili wetu. Mulituuliza kwa barua juu ya nini pesa kidogo ya sanduku la buluu imeenda ku nauli na motari, na wakati mpango uliandikwa juu ya mbegu na majembe. Swali ni la haki, tena tunapenda muulize. Tunajibu hivi: ile mbegu ya mama wetu ilipandwa. Maharagi yaliota vizuri. Hakuna aliyepalilia, hakuna aliyevuna, juu ya mpandaji alikuwa ku mugodi na mwenye kubaki alikuwa kitandani. Mbegu bila mtu ni chakula cha panya. Safari moja ya motari ni bei ndogo sana kuliko siku tano za hospitali, na kuliko kilio. Tunaomba ruhusa ya kuandika jambo hili wazi katika mpango wa mwaka unaokuja, ili lisiwe linapenya chini ya jina la majembe. Mukikataa, tutaheshimu, na tutaongeza mchango wetu wenyewe kidogo kidogo katika sanduku jekundu. Lakini ziara hatutaziacha, juu ya miguu haihitaji mfadhili.

Na wasafiri wetu, tunajua kikaratasi hiki kitawafikia ku mugodi na ku mialo, watoto wenu watawasomea ku simu. Tunawaambia hivi: nyumbani hatungoji dhahabu, tunawangoja ninyi. Ukipata, rudi. Ukikosa, rudi. Piga simu hata kama huna cha kutuma. Bibi anayesikia sauti analala, asiyesikia kitu anahesabu mashimo yaliyoanguka. Na vijana ambao hamujaoa, musidhani jambo hili si lenu. Mama zenu nao wanahesabu.

Tumalizie na yule mgeni. Alikaa kwetu wiki tatu. Alimuuguza rafiki yake mpaka akaweza kubeba ndoo, akaenda kuangalia shamba la baba yake, akalikuta msitu mtupu lakini mipaka inajulikana. Siku ya kurudi tulimsindikiza mpaka ufukoni, na tukamchangia nauli aliyoitumia ku motari. Mzee wetu mmoja alimuuliza: «Kule kambini wakikuuliza juu yetu, utasema nini?» Akamwangalia, akasema: «Nitasema kile nilikiona.»

Hatukulala vizuri juu ya jibu lile. Kule Nyarugusu kuna jamaa zetu ambao bado wanapima: kurudi ao kubaki. Hawapimi kwa redio wala kwa mikutano. Wanapima kwa kile mtu mmoja amekiona akirudi kusimulia.

Mwezi huu amepiga simu. Hajaamua. Lakini anasema mbele ya mwaka kuisha atavuka tena, mara hii na mtoto wake mkubwa, aje kusalimia rafiki yake na kufyeka kidogo shamba la baba. Hatujui siku. Anaweza kushuka Jumatatu ao Jumamosi, asubuhi ao magharibi, na atapita katika kartiye zetu akiuliza njia.

Kwa hiyo, kaye ya ziara iko pale mezani, kando ya kesiye. Kila kikundi kije kuandika wawili wake wa Jumapili hii mbele ya kwenda shambani. Nyumba ambazo mwenye nyumba ameondoka wiki hii ni saba. Anayejua ya nane, atuambie sasa.

Mvua iwe ya baraka, na wasafiri wote wafike.